Mkono wa Enoch Tranter

Kabla kriketi haijamtoa kwenye moshi, Enoch Tranter wa mji wa Bromsgrove, Uingereza, alikuwa mfua misumari. Uwanjani alikuwa mrushaji: mpira wake ulidunda taratibu, kisha ukamkwepa mpigaji kwa nje. Mpira wa kuaminika. Halafu akajifunza ule wa hila: mkono unaonyesha utatoka nje, kumbe ukidunda unaingia ndani na kuangusha vijiti anavyovilinda mpigaji. Mwaka 1907 Uingereza ikamwita, akavaa kofia ya taifa mechi tatu, na Bromsgrove nzima ikalewa kwa niaba yake, maana mwenyewe hakuwa mnywaji.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Aliurusha ule wa hila hadi kiganja kikausahau ule wa kwanza. Sasa kila mpira uliingia ndani, hata akiusihi utoke, na wapigaji wakishajua hivyo, hila iko wapi? Wakamchapa huku wakicheka. Nahodha wa timu ya mkoa akamwambia waziwazi: asipojirekebisha kufikia Agosti, arudi kwenye misumari. Enoch aliogopa, tena sana.

Jumatatu moja, siku ya kufua, mkewe Keziah akamwita washikiane shuka wakamue. Wakasokota, maji hayatoki.

"We Enoch! Mimi nafunga, wewe unafungua!"

"Si nasokota kama siku zote?"

"Siku zote gani? Miaka yote tunakamua pamoja, leo ndio umegeuka? Rudisha mkono huku. Huku, nimesema! Hayo masikio au mapambo?"

Enoch akasokota alikoamriwa. Kiganja kikauma, maji yakamwagikia viatu vyake. Akaduwaa: huo ndio uliokuwa msokoto wa ule mpira wake wa kwanza. Kisha akakamua shuka zote zilizobaki, na wiki iliyofuata akaenda kukamua za jirani, Bi Yapp, aliyedhani mzee wa watu amerukwa na akili.

Agosti ilipofika, mpira wake wa kwanza ulidunda, ukatoka nje, mpigaji akapiga hewa. Enoch akakaa chini palepale uwanjani, akalia kwa furaha, wala hakuona haya.

Mwaka uliofuata, bwana mmoja wa kamati ya taifa alikuja na gari hadi mlangoni. Walimtaka tena, kwa ajili ya ule wa hila.

"Nchi inakuhitaji, Tranter."

Keziah aliacha kumimina chai, akamtazama mumewe.

"Nchi ina mikono mingi, bwana," Enoch akasema. "Mimi ninao huu tu, na nimeupata juzijuzi."

Keziah akashusha pumzi, akamwongezea mgeni sukari.