Kristina Awarudishia Udongo Wao

Kristina Anselmi hana sauti ya kugombana. Mimi jirani yake ninayo, na nitaitumia, maana jambo hili limenikaa kooni tangu masika yaliyopita.

Shamba lake liko Mikese, kwenye mteremko. Lilikuwa la mama yake, na kabla ya hapo la bibi yake. Sisi Waluguru ardhi tunaifuata kwa mama. Juu ya shamba kulikuwa na pori la vichuguu na nyasi ndefu. Mvua za kwanza zikinyesha tulipanda huko na mabeseni kuokota kumbikumbi, tukiwagombania na kanga wa porini. Kanga hao hao walishuka baadaye kwa Kristina kudonoa viwavi kwenye mahindi, na hakuwahi kuhitaji dawa ya wadudu.

Ikaja kampuni ya umeme wa jua. Sikatai umeme wa jua. Kwangu nina kipaneli kimoja juu ya bati, nachajia simu. Ninachokataa ni ujinga. Walileta greda likasawazisha vichuguu vyote na kukwangua udongo wa juu, kisha kila kilichojaribu kuota chini ya paneli kikapigwa dawa ya kuua magugu. Wakazungushia uzio. Pakawa peupe kama sakafu, na kanga hatujawaona tena.

Masika yalipoingia, maji yaliteleza kwenye paneli, yakachimba mfereji chini ya kila safu, yakashuka yote kwa Kristina. Yalibeba udongo wake mweusi hadi mtoni, yakamwachia ule mwekundu wa chini, mgumu. Mahindi yalifika magotini yakageuka njano. Ukichimba hapo hukuti nyungunyungu hata mmoja.

Alikwenda kwa msimamizi wa mradi, Injinia Fidelis, kijana mpole, mwenye adabu. Alimwomba jambo moja tu.

"Mwanangu, acheni nyasi ziote chini ya paneli zenu. Zikirefuka mzifyeke, mizizi ibaki, ishike maji. Ikija mvua nyingine kama ile, sina shamba."

"Tutalifanyia kazi, mama."

Neno hilo nalichukia. Wiki iliyofuata wapiga dawa walirudi na mabomba yao mgongoni.

Ndipo Kristina alipochukua beseni lake la kumbikumbi. Alijaza udongo mwekundu kutoka shambani, akaupandisha kichwani hadi kwenye geti la kampuni, akaumwaga. Akarudi kujaza tena. Nilipomwona niliacha chungu jikoni, nikachukua beseni langu. Mwanaheri, muuza nyanya wa barabarani, naye akafunga genge akaja. Kufikia jioni gari la injinia halikuweza kutoka.

Alishuka, akatembea mpaka kwenye rundo. "Shikamoo, mama."

Kristina hakuitika. Kwetu kunyimwa marahaba si jambo dogo.

"Huu mlioniachia ni wenu, nimewarudishia," Kristina alisema. "Na wangu nileteeni."

Nilidhani injinia ataelewa kwamba uliokwenda na mto haurudi. Siku chache baadaye lori likaja likamwaga shambani udongo mweusi, wenye unyevu, na injinia yuko nyuma yake anatabasamu. Nakiri hata mimi hasira zilianza kupoa.

Kristina aliinama, akaingiza mkono. Akatoa kipande cha manjano mabichi kilichoanza kuchipua. Akaingiza tena, akatoa mzizi wa mgomba, bado mbichi.

"Mmeuchimba wapi?"

"Huko juu, Kinole," dereva alijibu. "Pembeni pembeni tu, kwenye mteremko."

Huko miteremko ni mikali kuliko yetu. Maana yake sasa hivi kuna mwanamke wa Kinole anayeangalia shimo mahali palipokuwa na manjano yake, na mawingu ya mvua yameshafunika milima yote ya Uluguru. Nilitamani kumpiga mtu.

"Pakieni," Kristina alisema. "Mkamrudishie mwenyewe. Sikuomba udongo wa mtu mimi. Niliomba nyasi."

Walipakia kwa koleo, injinia naye ameshika moja. Walipomaliza alikuwa na matope hadi magotini. Alisogea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Nitaitikia nyasi zikiota," Kristina alisema, akainua beseni, akaenda kujaza tena udongo mwekundu.