Hodi Kwenye Theluji

Laki nane na elfu arobaini. Hiyo ndiyo bei tuliyolipa, mimi na mume wangu, kufundishwa kuteleza kwenye theluji ndani ya jengo, huko Dubai. Nimeihesabu mara mbili, haikupungua. Ni bei ya dume zuri mnadani Tinde, tena dume unaondoka naye.

Nilikuwa nimekwenda kununua tochi za kichwa na buti za mpira, bidhaa ninazowauzia wachimbaji Geita. Mume wangu nilimchukua kwa sababu moja tu: sikutaka kumwacha peke yake nyumbani Kambarage. Tangu duara, shimo la kuchimbia dhahabu, limwangukie, alikuwa mtu wa kukaa na kutazama sakafu.

Machimboni kwao hakuna anayeshuka duarani kimya. Unagonga mwamba kwa nyundo mara tatu, unasikiliza. Aliye chini akijibu tatu, ndipo unashuka, maana sasa anajua ajibanze pembeni mawe yasimwangukie. Wanaita kupiga hodi. Duara lilipoporomoka, mume wangu alichimbuliwa akiwa hai. Mwenzake, mtu wa Ushirombo aliyekuwa akila naye sahani moja, alibaki upande wa pili wa kifusi. Mume wangu akasema anamsikia akigonga. Watu wakazima mashine, wakalaza masikio chini. Kimya. Akasema tena, wakasikiliza tena. Kimya. Wakaamua kichwa chake kimepigwa na jiwe, na mwishowe duara likafunikwa. Toka siku hiyo mume wangu hapigi hodi popote. Anaingia kwa watu kama upepo.

Basi kule Dubai mzigo ukachelewa kwa wakala, tukawa tunazunguka madukani kuua muda, mpaka tukafika penye kioo kirefu. Nyuma ya kioo kuna kilima cheupe, na watu wanashuka na mbao nyembamba miguuni. Nje jua lilikuwa la kuivisha ugali. Mume wangu akasimama pale hata miguu yangu ikachoka.

"Mayu," akasema, kama Wasukuma tunavyomwita mama, "nataka kuingia humo."

Mtu ambaye tangu ajali hajaomba hata chumvi mezani. Ningekataaje? Ila kupatana, nilipatana. "Sisi ni mtu na mkewe, mwalimu mmoja anatutosha, tupunguzie." Binti wa dirishani akatabasamu tu. Wanauza barafu, kitu ambacho umeme ukikatika kinakuwa maji ya bure, na bado bei haishuki.

Mwalimu alikuwa dada wa Kikenya, mcheshi. Alitufunga viatu vizito kama zege.

"Ukitaka kusimama, ncha za mbele ziangaliane, visigino vitoke nje. Magoti mbele. Usiegemee nyuma, mama, hiyo si kiti."

"Nimelipia, acha nikae," nikamjibu nikiwa tayari nimeanguka.

Nilicheka, lakini mahali pale sikupapenda. Mwanga ulitoka kila upande, mtu hana kivuli. Hapakuwa na harufu ya chochote, hata ya watu. Theluji inakula sauti: unamwona mtu anaanguka chali, na kishindo hukisikii. Anayesema nawe, moshi unamtoka kwanza, maneno yanafuata.

Tukapanda mkanda unaotembea hadi juu ya kilima cha wanaojifunza. Mwalimu akatangulia kushuka, akainua mikono. "Haya mzee wangu, njoo!"

Mume wangu hakusogea. Alikuwa anaangalia chini kama mtu aliyesimama mdomoni mwa duara. Kisha akavua glavu moja, akatoa mfukoni ufunguo wa chumba chetu cha hoteli, akagonga nguzo ya chuma iliyokuwa kando ya mkanda. Mara tatu. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

Jibu likaja.

Halikutoka kwenye nguzo. Lilitoka chini, chini kabisa ya theluji, zito, kama nyundo inayogonga mwamba na katikati kuna udongo. Ngu. Ngu. Ngu. Nililipokea kwa magoti kabla ya masikio. Mimi kila kitu huhesabu mara mbili; hicho nilihesabu mara moja, ikatosha. Na pale juu hakuna mwingine aliyegeuka.

Mume wangu akashuka. Ncha zikaangaliana, magoti mbele, akasimama miguuni mwa mwalimu kama aliyezaliwa kwenye theluji. Mwalimu akapiga makofi.

"Chini hapa anafanya kazi nani?" mume wangu akamuuliza.

"Chini? Hakuna mtu, mzee wangu. Ni mabomba ya baridi tu, na simiti."

Nilishuka kwa makalio. Akaninyanyua, akanikazia macho. "Mayu, umesikia?"

Nikamjibu kama ninavyomjibu mteja, swali kwa swali. "Nini?"

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei akaenda kuifikiria.

Tangu turudi Kambarage, anakula, anacheka, na anapiga hodi kila mlango, hata wa bafuni. Juzi aligonga mlango wa chumba chetu mara tatu, akasubiri. Mkono wangu ulikuwa umeshakunja ngumi juu ya ubao wa kitanda, nijibu tatu, kabla sijashtuka na kusema karibu.

Wiki hii ndugu za marehemu wamekuja kutoka Ushirombo. Wamekubaliana naye kulifukua duara Jumatatu. Matimba yanayoshikilia kuta yameoza na udongo umelewa mvua; najua, wanaonunua buti kwangu wamepita pale. Nilipogomba, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Niambie kitu kimoja tu. Kama kule hukusikia, basi ni kichwa changu kweli. Nitauza kamba ya kushukia, duara sitalitaja tena. Kama ulisikia, nashuka nikamtoe mwenzangu."

Anataka jibu Jumapili, tukitoka misa.

Nikisema sikusikia, nitabaki na mume, ila mume aliyekubali kwamba ni kichaa, na atarudi kutazama sakafu. Nikisema nilisikia, nitakuwa nimemshusha kwa mdomo wangu. Maisha yangu yote nimeishi kwa bei ya katikati, na hii nimeitafutia katikati yake sijaipata. Wewe unayesoma, labda una akili za nje ya nyumba hii: ungekuwa mimi, ungemjibu nini?