Kaseti ya Mjomba

Kwa utoto wangu wote niliamini, na ningeapa mbele ya paroko bila kupepesa jicho, kwamba mwanamume aliyeimba ile kaseti ya rege iliyoteka dunia nzima alikuwa mjomba wangu wa damu, mpasua mbao kutoka kijijini kwetu, juu kidogo ya Njombe. Usicheke bado. Nilikuwa na ushahidi mwingi kuliko polisi wa wilaya mbili.

Jambo hili lilinirudia juzi nikiwa kwenye mgahawa mpya hapa mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, mojawapo ya hii ya vioo vitupu, ambako kikombe cha chai kinaletwa na sahani tatu na biskuti moja ya huruma. Wakaiweka albamu ileile. Haikutoka kwenye kaseti, maana kaseti nani anaijua sasa. Ilitoka kwenye kijisanduku kidogo kama kipande cha sabuni. Kijana wa meza ya pembeni, mwenye kofia ya sufu ya rangi tatu na hela za parachichi zinazomwasha mfukoni, akaanza kumweleza mchumba wake habari za rege. Alisema rege ni hisia. Alisema hivyo mpaka chai yangu ikapoa. Nilimtazama kama unavyomtazama kuku aliyepanda mezani. Huyu anajua nini? Hajawahi kuzungusha kaseti kwa kalamu ya risasi. Hajawahi kung'ata betri ili itoe wimbo mmoja zaidi. Hajawahi kusikiliza rege akiwa na mzigo wa magome ya miti ya miwati kichwani, kamasi zinachuruzika kwa baridi ya mwezi wa saba. Na baridi ya zamani, rafiki yangu, si hii ya siku hizi ya watu kuvalia koti la mapambo. Ile ilikuwa inagandisha salamu njiani. Unamwambia mtu kamwene asubuhi, inamfikia saa sita jua likishaiyeyusha.

Sisi rege tuliipata kwa njia ya halali kabisa, yaani kwa jirani mwongo.

Jirani huyo alikuwa utingo wa malori. Alikaa Makambako kwa muda, akifunga turubai na kukagua matairi ya magari ya Songea na Mbeya, kisha akarudi kijijini na vitu vitatu: suruali pana iliyofagia njia nzima, redio kaseti yenye spika mbili, na kaseti moja. Moja tu! Alitembea kama vile reli ya Makambako aliitandika yeye kwa mikono yake. Kupalilia tuta moja la viazi hakuweza, mgongo ulimuuma. Redio ile, nzito kama ndama, aliibeba begani kutwa nzima na mgongo haukulalamika.

Sasa sikia habari za bibi yangu, mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea. Mume wake alikuwa mpasua mbao wa zamani, enzi za shimo. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwingine anaingia chini, na msumeno mrefu wenye mishikio miwili unapanda na kushuka kati yao. Wa chini ndiye anayekula unga wa mbao kwa macho na pua. Huyo wa chini alikuwa mjomba. Babu alipofariki, mjomba aliubeba msumeno akasema anakwenda Makambako kutafuta kazi. Hakurudi. Hakuleta hata salamu. Mimi nilikuwa mdogo, nilichokumbuka ni mwanya wa meno yake tu, mpana kiasi kwamba nikiukumbuka leo naona lingepita lori.

Bibi alikuwa anamuulizia kwa kila dereva aliyesimama kununua viazi. "Hamjamwona kijana mpasua mbao, mwenye mwanya?" Madereva wakicheka, yeye hacheki. Aliuliza hivyo msimu kwa msimu, na kila lori lilipoondoka alibaki amesimama barabarani mpaka vumbi litue.

Basi mchana mmoja jirani akapita kwetu, pua yake ikiwa imemtangulia. Bibi alikuwa amepika viazi na maharage, sufuria limejaa, moshi wa kuni za miwati umetanda jikoni. Mimi nilikuwa namenya.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Wewe si umekaa Makambako? Mwanangu hukumwona huko?"

Jirani akatazama sufuria. Akatazama mlango. Akatazama sufuria tena. Ndipo akatoa kasha la kaseti mfukoni.

"Mwanao hayuko Makambako tena, mama. Yuko Ulaya, anaimba. Huyu hapa."

Kwenye kasha palikuwa na picha ya ukubwa wa stempu ya posta: mwanamume mwenye nywele kama kichaka, anacheka. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameshachoshwa na moshi, aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Na hizi nywele?"

"Kule hakuna vinyozi, mama."

"Na mwanya?"

"Si ndio huo unauona!"

Ningependa kukuambia kwamba bibi alimfukuza. Alimpakulia. Jirani akala kama mtu aliyetoka kifungoni, kisha kwa shukrani akabonyeza redio. Na hapo, ndugu yangu, ndipo uongo ulipopata miguu. Maana ile rege, kama umewahi kuisikiliza vizuri, inashuka kwa sauti nzito kutoka chini kama gogo linapolazwa, halafu inanyamaza, na gitaa linakata pale ambapo hukulitegemea. Bibi akaweka mwiko chini.

"Ni yeye," akasema. "Ndivyo alivyokuwa anavuta msumeno. Baba yake akishavuta juu, yeye kule shimoni anakaa kidogo, ndipo anavuta. Aligombezwa sana kwa huko kukawia. Angalieni, bado anakawia!"

Hata jirani alishtuka. Alikuja na uongo wa sahani moja, akapewa wa maisha.

Akaitwa mwalimu wa Kiingereza atafsiri. Mwalimu huyu alitufundisha Kiingereza kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa fimbo. Alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, akafumba macho, akasikiliza wimbo mzima. Hakuambulia hata neno, hilo naliona leo wazi kama mchana. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza maji yakichemka. Lakini angekirije mbele ya wazazi?

"Anasalimia," akasema mwishowe. "Anasema mambo yakikaa vizuri, atarudi."

"Hajamtaja mama?" bibi akauliza.

Mwalimu akakohoa. "Labda upande wa pili."

Jirani akaigeuza kaseti upande wa pili.

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya misa jirani alikuwa kwetu na redio yake. Bibi alimtilia ulanzi wa kwanza kutoka kwenye mianzi yetu, ule mtamu ambao haujachacha, akamchomea mahindi, akamwekea mapichesi yaliyoiva kuliko yote huku mimi mjukuu nikila yenye funza. Viazi alivyokula mtu yule vingejaza mabehewa yote ya treni kutoka Makambako hadi Zambia, na bado vingebaki vya mbegu. Wakati wa mavuno bibi alimtafutia betri kabla ya chumvi. Yeye alikuwa anakaa, miguu ameinyoosha, anatusimulia habari mpya za mjomba: mjomba ana nyumba yenye ngazi ndani, mjomba amekataa kuoa mzungu, mjomba anamlilia mama. Na bibi alikuwa anafuta macho kwa khanga na kumwongezea.

Mimi nilikuwa mpwa wa mtu mkubwa, na shuleni nililipia cheo hicho.

"Wewe mpwa wa Ulaya, mbona umevaa sweta la kike?"

"Limetoka kwa mjomba! Huko wanaume wote ndio wanavaa!"

Walinicheka, lakini waliamini. Kijiji kizima kiliamini. Mzee mmoja alitembea kutoka upande wa Ludewa, milima ile yote, aje tu asikie, akasema kwa kweli ni msumeno.

Mtu mmoja tu alikuwa na mashaka, mama yangu. Siku moja alikuja kutoka mjini akasema kuna mwanamke wa sokoni anadai amemwona mjomba Makambako, karibu na stendi. "Mama, twende tukaulize. Asubuhi tunakwenda, jioni tumerudi."

Bibi alimtazama kama anamwonea huruma. "Nani anakwenda Makambako kumtafuta mtu aliyeko Ulaya?"

Na jirani, mdomo umejaa, akacheka mpaka akapaliwa. Kicheko kile ndicho nisichokisamehe. Tangu siku hiyo bibi hakumuuliza tena dereva yeyote. Malori yalisimama, yakanunua viazi, yakaondoka, na yeye hakuinua hata kichwa.

Kaseti iliishia ndani ya redio. Siku moja redio iliutafuna utepe wake kama mbuzi anavyotafuna kamba. Bibi alikataa utupwe. Tuliutandaza juu ya matuta ya njegere kufukuza ndege, ukawa unametameta na kulia kwenye upepo, naye alikuwa akipalilia upande ule zaidi ya upande mwingine wowote wa shamba.

Nilikua, nikaenda kufanya vibarua kwenye mbao, na sekondari nikaja kuimaliza kwa masomo ya jioni, ndevu zimenijaa, nimekaa dawati moja na mama wa watoto watano na askari mstaafu. Nilifaulu, nisije nikasahau kukuambia. Mwalimu wa jiografia alituonyesha kwenye ramani kisiwa ilikozaliwa rege, upande ule mwingine kabisa wa dunia, na hakuna treni inayokwenda. Nilinyoosha mkono nikamwambia mjomba wangu alipita huko. Darasa lilicheka mpaka askari mstaafu akadondosha miwani. Sikujali. Niliwaona wote wajinga.

Ukipita kijijini leo, yale mashimo ya kupasulia yamefukiwa, watu wameotesha parachichi juu yake. Mbao zinapasuliwa na mashine inayopiga kelele bila mdundo wowote, haikawii wala haipumui. Zile Jumapili za baraza limejaa, harufu ya viazi na ukungu unaoingia mpaka sebuleni, hazipo. Kila mtu ana rege yake sikioni, anatikisa kichwa peke yake kama mgonjwa. Na wale waliokuwa wakisikiliza kwa shida, wakisubiri ndugu yao atajwe upande wa pili, nao wameondoka mmoja mmoja.

Bibi alifariki msimu wa ulanzi. Tangazo la msiba likapelekwa redioni, na aliyejitolea kulipeleka ni nani? Jirani yetu, amezeeka, suruali imepungua upana lakini ulimi haujapungua. Redio ikatangaza kijiji kwa kijiji: habari zimfikie popote alipo mwanawe, mwanamuziki mashuhuri wa ng'ambo. Baadhi ya watu walikuja msibani kumtazama mwanamuziki.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kutoka kwa jeneza, akaingia mwanamume mwenye ovaroli nyeusi kwa grisi, kofia ameishika mkononi. Alipofungua mdomo kusalimia, nikaona mwanya. Mama yangu alipiga ukelele mmoja, kisha akakaa chini palepale kwenye majani.

Jirani alikuwa na bakuli la maharage. Akainuka, akanyoosha mkono. "Karibu, mgeni."

"Mgeni?" Yule mtu akamtazama. "Wewe si ulikuwa unaniletea tairi za lile lori la Songea? Nimekuzibia mara ngapi?"

Jirani akatazama bakuli lake. Akakaa, na, sikudanganyi, akaendelea kula. Sijawahi kumdharau binadamu kama nilivyomdharau mtu yule na kile kijiko.

Mama akauliza kutoka pale chini, "Kaka, Makambako ni saa moja kwa basi. Saa moja! Kwa nini hukuja?"

"Niliuza msumeno wa baba," mjomba akasema. "Nikasema nikinunua mwingine nitarudi. Kabla sijanunua, utingo wakaanza kuniambia eti kwetu inasemekana niko Ulaya naimba rege, ni mtu mkubwa, na mama anatembea kichwa juu. Sasa ningerudi na nini? Na jeki?" Akaugeukia mlango wa chumba alimolala bibi. "Nilisikia ana furaha. Nikaogopa kuja kumwondolea."

Watu walikuwa wakilia. Mimi, msomi wa jioni, na cheti changu kiko sandukuni, bado kichwa kilikuwa kinang'ang'ania.

"Lakini mjomba," nikasema, "ile kaseti?"

"Kaseti ipi, mwanangu? Yule ni Mjamaika, simjui wala hanijui. Mimi ni fundi pancha, niko nyuma ya stendi ya Makambako, na sijawahi kuimba hata kanisani."