Karatasi ya Wapiga Kelele

Shuleni kwetu Kiwalani, ndege ikipita juu ya bati, mwalimu alinyamaza na chaki mkononi mpaka mngurumo uishe, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Mwalimu Rehema, aliyetufundisha kuandika darasa la kwanza na hisabati darasa la saba, aliutumia muda huo kutukodolea macho mmoja mmoja mpaka tucheke. Wiki ile walimu walipogoma, ndege zilipita na hapakuwa na wa kunyamaza. Walikuja, wakasaini kitabu cha mahudhurio, wakakaa nje ya ofisi yao. Walikuwa wanadai stahili zao, lakini sisi hakuna aliyetueleza. Tulijua tu kwamba mtihani wa mwisho umekaribia, na kelele zetu zilifika barabarani.

Mimi nilikuwa kiranja, tena mnoko. Mwalimu asipokuwepo, kazi ya kiranja ni kuandika wapiga kelele, na sikumwacha mtu, hata binamu yangu Zuhura. Siku ya tatu aliingia bwana mmoja kutoka ofisi ya elimu, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Tukasimama, tukamwamkia. Akaiona karatasi yangu, akausifu mwandiko. "Sasa niandikie na walimu ambao hawajaingia humu tangu Jumatatu," akasema. Hakunitisha hata kidogo. Niliandika kama nilivyozoea, na wa kwanza nilimweka Mwalimu Rehema, kwa kuwa vipindi vyake vilikuwa vingi. Nilidhani ataambiwa aingie darasani, basi.

Mgomo ulipokwisha walimu walirudi, isipokuwa yeye. Alihamishiwa mkoa wa mbali, akaja kutuaga. Aliniita pembeni, shikamoo yangu haikutoka vizuri.

"Marahaba. Karatasi nimeonyeshwa," akasema. "Mwandiko wako naujua, mwanangu. Nimekufundisha mwenyewe."

Hakunigombeza. Afadhali angenichapa. Hisabati tulijifundisha wenyewe. Zuhura alifeli, mimi nilipita kwa kubahatisha, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Sasa nami ni mwalimu, Temeke. Madai yetu ni yale yale, ila tunanong'ona tu, maana tunajua kati yetu yupo anayeandika majina. Darasani, kiranja wangu huniletea karatasi ya wapiga kelele, mwandiko safi, uso umejaa fahari. Naipokea, naichana bila kuisoma. Watoto wanasema mimi ni mpole.