Jina la Mzee Sabini

Enzi zetu, sisi tuliokulia kambi za mkonge kule Tanga, harufu ya mkonge ilikufuata hadi kwenye sahani ya makande. Jioni tulicheza kombolela, tukijificha nyuma ya nyuzi zilizoanikwa juani. Ukichomwa na mwiba unauma meno, maana ukilia tu umekamatwa. Watoto wa siku hizi, hapa Adelphi ughaibuni tunakoishi sasa, mchezo wao unatumia kidole gumba peke yake, na bado wanalalamika wamechoka!

Shuleni mwalimu alitufundisha kwa nini wazungu walikuja kututawala: malighafi, masoko, mitaji, makazi ya walowezi. Kwa kuwa zote zinaanza na M, tuliziimba tukiruka kamba. Hakuna aliyetuambia kwamba malighafi yenyewe ndiyo ile iliyokuwa ikinuka nyuma ya nyumba zetu.

Siku moja mwalimu akamuuliza kila mtoto kabila lake. Wenzangu wakajibu: Mbena, Muha, Mmakonde. Zamu yangu ilipofika nikasimama kifua mbele: "Mmanamba, mwalimu!" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilijua hivyo, maana watu wakimtaja babu walisema ni manamba wa zamani.

Nyumbani babu alicheka hadi akakohoa. Akanieleza kwamba manamba ni kibarua aliyeletwa shambani kwa namba. Yeye mwenyewe, kodi ya kichwa ilimtoa kwao angali kijana, akapakiwa kwenye lori, akapewa namba sabini. Msimamizi mzungu alishindwa kutamka jina lake, akawa anamwita Sabini, na wenzake nao wakazoea. Nikamuuliza jina lake la kwao.

"Mwenye jina hilo alibaki huko huko," akajibu. "Bibi yako aliolewa na Sabini. Kula, chakula kinapoa."

Hakusema zaidi, siku hiyo wala nyingine. Alipofariki hatukujua tupeleke taarifa kijiji gani. Sijawahi kumwona baba akilia vile.

Sabini ndilo jina langu la ukoo mpaka leo. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Hyattsville, wagonjwa wakilisikia huniuliza kama nimeolewa na Mwitaliano. Nacheka nao, kazi inaendelea. Sasa naomba uraia wa huku, na binti yangu Neema amesikia kwamba mtu akichukua uraia anaruhusiwa kubadilisha jina.

"Mama, si ni number tu?" akaniambia juzi jikoni. "Just change it. Tumia jina lake la ukweli."

"Lipi, mwanangu?"

Akaitazama simu yake, ile isiyokosa jibu, kisha akaiweka mezani. Enzi zetu mtu wa kumuuliza alikuwepo, lakini akiamua kunyamaza, mtoto hakumsumbua. Leo watoto wanauliza kila kitu, na wa kuwajibu ameshazikwa. Lakini siku ya kiapo cha uraia nitaapa kwa jina hilo hilo la Sabini. Nikiliacha na hilo, babu yangu atakuwa hana jina kabisa.