Sindano Namba Ishirini na Tatu

"Katika mtaa huu hajazaliwa mtu wa kunifundisha mimi sindano. Na siku akizaliwa, nepi zake nitazishona mimi!"

Maneno hayo aliyasema fundi cherehani mmoja, mchana kweupe, akiwa amesimama juu ya benchi la kituo cha afya mbele ya watu wasiopungua mia. Hakuwa amelewa. Alikuwa na tepu ya kupimia shingoni, chaki nyuma ya sikio, na barakoa aliyoishona mwenyewe kwa mabaki ya suti ya bwana harusi, ndiyo maana ilikuwa na mfuko.

Mtaani walimwita Fundi Macho, kwa sababu alikupima kwa macho kabla hujafungua mdomo. Ukinenepa, yeye ndiye wa kwanza kujua. Wa pili ni mtaa mzima.

Siku hiyo muuguzi wa kituo alikuwa ameitisha mkutano kueleza habari za chanjo ya korona. Watu wakauliza maswali yao. Mmoja aliuliza kama ukichanjwa utaota manyoya. Mwingine aliuliza kama mume akichanjwa ataacha kuchelewa kurudi nyumbani, na mkewe akapiga makofi peke yake. Muuguzi alijibu yote kwa subira, jasho likimtiririka chini ya kofia. Ndipo Fundi aliponyoosha mkono.

"Sista, hiyo sindano yenyewe ni namba ngapi?"

Muuguzi akashukuru moyoni. Hatimaye mtu mwenye akili zake! "Ishirini na tatu, baba."

Kwa asiyejua mambo ya cherehani, sindano zina namba. Tisa ni ya hariri na vitambaa vyepesi kama pumzi. Kumi na nne ni ya mashati na magauni. Kumi na sita ni ya suruali, na kumi na nane ni ya jinzi. Ishirini na moja Fundi aliwahi kuitumia mara moja tu maishani, kushona turubai la lori, na siku hiyo cherehani ililia hadi majirani wakaja kuuliza. Ishirini na tatu alikuwa hajaiona kwa macho. Aliisikia tu, kama watu wanavyosikia habari za nyangumi.

"Ishirini na tatu?" Fundi akapanda juu ya benchi. "Jamani, mmesikia? Hawa wanataka kutushona kama maturubai!"

"Baba, hii ni nyembamba sana, nakuhakikishia..."

Hapo ndipo aliposema yale ya nepi.

Fundi viatu, rafiki yake wa siku zote, akaongezea kutoka nyuma, "Mimi nashona soli za buti kwa sindano ndogo kuliko hiyo!" Basi, ikawa imekwisha. Nusu ya watu waliondoka palepale, na nusu nyingine walibaki kuona nani ataondoka. Nani angebishana? Kila shati lililokuwa pale lilikuwa limepita mikononi mwa Fundi Macho. Mtu aliyekuzibia matundu ya suruali makalioni akikuambia habari ya sindano, unamwamini.

Kwa siku kadhaa Fundi alitembea kama mtu aliyeokoa taifa. Watu walimsalimia kwa mikono miwili. Muuza maji alimpa ndoo moja ya bure.

Sasa, mtu aliyemwamini kuliko wote alikuwa mama yake, na hapo ndipo kisa kinapouma.

Mama huyo alikuwa na miaka sabini na mitatu, ana sukari, ana presha, na ana mdomo. Fundi alikuwa mwanawe pekee. Miaka thelathini na moja nyuma, kijana alipomaliza kujifunza ushoni kwa mjomba wake, mama aliuza kitanda chake amnunulie cherehani. Akalala chini miezi saba. Majirani walipouliza, alisema daktari amemshauri kwa ajili ya mgongo. Cherehani ni ileile hadi leo, ipo barazani, na rangi ya dhahabu ubavuni imefutika kwa kuguswa. Mama hukaa chumba cha nyuma ya baraza hiyo, ukuta mmoja tu katikati, akisikiliza mwanawe anavyokanyaga. Akikanyaga polepole, mama anajua ni kola. Akikanyaga kwa fujo, ni sare za shule.

Jina la mama lilikuwa la kwanza katika orodha ya muuguzi ya watu wa kuchanjwa mapema. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu, aliyemfundisha Fundi kujumlisha, alikuwa amefariki kwa korona mwezi uliopita. Alikuwa na sukari vilevile, na umri uleule. Muuguzi alikwenda kwa mama mara mbili, na mara zote mbili alijibiwa neno moja.

"Mwanangu anajua sindano kuliko wewe, bibi wee. Hukumsikia?"

Alhamisi moja saa nane mchana, Fundi alikuwa akipachika zipu aliposikia kikohozi nyuma ya ukuta. Kikavu. Kikaja cha pili, na cha tatu. Mguu ukagoma juu ya kanyagio. Aliingia ndani mbio, tepu ikimpepea shingoni, akamkuta mama ameinama juu ya kinu, pilipili kavu imemwingia puani.

"Unanitazama nini? Nimekuwa gauni?"

"Hamna, mama."

Akarudi kwenye zipu yake. Akaipachika juu chini, akaifumua, akaipachika tena juu chini. Mtu wa miaka thelathini na moja kazini. Akatazama mikono yake, akajiuliza: na kama siku nyingine isiwe pilipili?

Jioni hiyohiyo muuguzi alipita na sketi ya sare, pindo limefumuka. Fundi alipokea bila kumtazama usoni.

"Baba," muuguzi alisema, "sikuja kugombana. Ila wewe si unapima kila kitu? Nimekuletea upime." Akaweka juu ya meza ya kukatia sindano ya hospitali, bado imo kwenye karatasi yake. "Hii imepita tarehe, haitumiki tena. Ni namba ileile niliyoitaja."

Fundi alikausha mikono kwenye suruali. Aliifungua, akaitoa kifuniko, akaiinua kwenye mwanga, na uso wake ukabadilika. Alivuta bati lake la biskuti, ambalo halijaona biskuti tangu awe na nywele, akachagua sindano moja moja na kuzipanga. Kumi na nane. Kumi na sita. Kumi na nne. Kumi na moja. Zote zilionekana misumari kando ya ile ya hospitali. Mwisho akatoa namba tisa, ile ya hariri. Akakata kipande cha satini, akatoboa tundu kwa moja, tundu kwa nyingine, akakiinua mbele ya taa. Alitazama muda mrefu. Satini haisamehe wala haisemi uongo.

Matundu yalikuwa sawasawa.

"Sista," alisema taratibu, "kwenu namba ikipanda, sindano inafanyaje?"

"Inakonda."

Fundi akakaa kitako. "Kwetu inanenepa."

Wakatazamana. Muuguzi ndiye aliyeanza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu Fundi alikuwa hacheki. Alikuwa anatazama ukuta.

Aliingia kwa mama na kile kipande cha satini mkononi, akamweleza yote, namba zao na namba zetu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu, mama! Nilikosea."

"Wewe hukosei sindano. Wamekutisha." Akaendelea kuchambua mchele. "Kama kweli umekosea, ulikosea mbele za watu, mwanangu. Neno la mkutanoni halifutwi jikoni."

Hakuna aibu kwa fundi kama kufumua kazi yake mbele ya mteja. Fundi Macho alikuwa na desturi ya kufumua mlango umefungwa. Lakini siku ya chanjo ilipofika, alikwenda kituoni na kipande chake cha satini na bati lake la biskuti. Watu walikuwa kumi na wawili tu, wengine wakiwa wapita njia waliosimama kutazama kama kuna atakayezimia. Akapanda juu ya benchi lilelile.

"Jamani, siku ile nilikata kabla ya kupima."

"Eee!" Fundi viatu alidakia. "Leo umeshushwa cheo?"

"Tulia wewe, unanuka gundi. Njoo hapa uwe shahidi, macho yako ni mazima kuliko mdomo wako. Tazama matundu haya mawili. Lipi la sindano yangu ya hariri, lipi la hospitali?"

Fundi viatu akakodoa, akakigeuza kitambaa, akakitazama tena juani. "Hili... la kushoto?"

"La kushoto ndiyo lipi?"

"Sijui, bwana! Yanafanana kama mapacha."

"Basi ndiyo hivyo. Namba zao zinakwenda kinyume na zetu. Mimi najua za kwangu. Za kwao sikuuliza, nikajitia kujua. Aliyekosea ni mimi, Sista hana kosa." Akashuka, akakunja mkono wa shati hadi begani. "Nianze mimi."

Alikaa kwenye kiti akitazama mbele kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Wote walimkazia macho wamwone akikunja uso.

"Haya, baba, unaweza kuinuka."

"Bado hujachoma."

"Nimeshachoma na pamba nimeshaweka."

Fundi akageuka, akaiona pamba. "Sista," alisema kwa sauti ya mtu anayemtambua mwenzake wa kazi, "una mkono wewe."

Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Hata mjomba aliyemfundisha hakuwahi kuambiwa hivyo. Fundi viatu alichomwa wa pili, akapiga kelele kabla hajaguswa, na kwa kuwa kicheko huvuta watu kuliko spika, hadi saa sita benchi lilikuwa limejaa.

Mama hakuwepo. Ila habari zilimfikia zikiwa bado za moto. Mwanawe aliporudi, alimkalisha barazani akamchunga siku tatu kama maziwa jikoni. Siku ya kwanza jioni Fundi alipata homa, na mkono ukawa mzito asiweze kuinua pasi.

"Unakufa?" mama aliuliza.

"Sifi, mama. Walisema itakuwa hivi siku moja mbili."

"Ukifa nitakuchapa."

Siku ya tatu alimsikia akikanyaga cherehani kwa fujo, sare za shule, akatoka akasema, "Basi nitakwenda." Fundi akashusha pumzi aliyoishikilia wiki nzima. "Lakini," mama akaendelea, "bega langu simvulii mtu. Pale benchini wamejaa vijana niliowaogesha. Leo niwaonyeshe mwili wangu mimi? Na magauni yangu yote mikono inabana, haikunjiki hata kiwiko."

"Watakuwekea pazia."

"Pazia lina upepo."

Hapo Fundi hakubishana. Kubishana na mama ni kazi ya watu wasio na cherehani. Alichukua gauni lake la heshima, la rangi ya zambarau, akalilaza mezani na kulitazama kwa dakika nyingi. Kisha akapasua mkono wa kushoto, kuanzia mshono wa bega kushuka upana wa vidole vitano. Mke wa Fundi, aliyekuwa akipiga pasi kando, akashika mdomo. Alipindia kingo zote mbili, akaweka ulimi wa kitambaa ndani ili ngozi isichungulie, akatia vifungo vitatu chini ya pindo, ukivifunga hujui kuna kitu. Alifumua mara moja. Safari hii mlango ulikuwa wazi.

Mama alipovaa, alifungua na kufunga vile vifungo mara sita mbele ya kioo.

Kituoni alikaa na mkoba mapajani, mgongo wima. Muuguzi alikuja na pamba, akaanza kueleza habari ya pazia. Mama akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Pakatokea ngozi ya ukubwa wa kadi ya simu, basi.

"Piga hapo. Na usipotee njia."

Muuguzi alichoma. Mama akafunga vifungo vyake, na pamba ikabaki ndani imeshikwa vizuri. Benchi zima la wanawake lilikuwa limenyoosha shingo.

"Bibi, gauni hili umenunua wapi?" muuguzi aliuliza.

"Kununua?" Mama alisema kwa sauti ya kufika hadi getini. "Mwanangu kashona. Yule pale, mwenye tepu. Mimi ndiye niliyemnunulia cherehani."

Fundi akajifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Alilisoma mara nne. Waliporudi nyumbani, mama alikataa njia ya mkato, akapita barabara ya dukani, ya kinyozi na ya kisimani, akisimama kila penye watu kuonyesha mkono wa gauni, na mwanawe nyuma yake akibeba mkoba kama mlinzi wa waziri.

Mama alirudi kwa dozi ya pili, na mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza mlangoni kwa dozi ya nyongeza. Korona ilipita mtaani kwao mara mbili zaidi. Mara moja ilimlaza siku tano, akainuka siku ya sita akiulizia nani aligusa mchele wake. Wakati huo barazani palikuwa na rundo la magauni ya wajane, ya walimu, ya wake wa watu, hata la mke wa mganga aliyewahi kupinga chanjo hadharani, na lake alilileta limefungwa kwenye gazeti. Muuguzi mwenyewe alileta sare zake mbili. Fundi aliweka kibao kipya nje ili asiulizwe kila dakika, kimeandikwa kwa chaki, kwa mwandiko wa kunyooka.

Mkono wa vifungo vitatu ni elfu mbili.