Beldia ya Haddu

Haddu Amziane alijivunia kwamba askari hawakuwahi kumtia mkononi. Miaka ile wanaume wa milima ya Rif walipokuwa wakilala misituni chini ya mierezi kwa sababu ya bangi waliyolima, naye alilala huko. Serikali ilipogeuka ikasema limeni kwa kibali, kwa ajili ya dawa, alikuwa wa mwanzo kujiunga na ushirika. Hakufanya hivyo kwa kupenda sheria. Binti yake Luiza alikuwa na kifafa.

Luiza alianza kuanguka akiwa bado ananyonya. Alianguka ngazini, alianguka juu ya bakuli la mchuzi wa baazi, na meno yake ya mbele aliyaacha kwenye jiwe la kisima. Watoto wa jirani walimwita Mbuzi, kwa ile sauti aliyoitoa kifafa kikimpanda. Vidonge vya hospitali vilipunguza tu. Daktari wake kule Fes, Bi Sanhaji, alisema yapo mafuta yanayotokana na mmea huohuo, yameruhusiwa kwa watoto wa namna hii, ila lazima yaombewe idhini. Wasubiri.

"Nisubiri nini, daktari? Mmea naulima mimi!"

"Unalima mmea, Bwana Haddu. Dawa huilimi."

Akaenda kwa Haji Qaddur, mwenyekiti wa ushirika, kuomba walau kichupa cha mafuta yatakaporudi kutoka kiwandani. Haji alikuwa kwenye mizani, wakulima wamemzunguka na magunia yao.

"Nikikupa wewe, bonde zima litaamka kesho lina kifafa," alisema. "Hata mke wangu ataanguka, na yule hajawahi kuanguka ila kitandani."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Haddu akacheka nao, maana mzigo wake ulikuwa haujapimwa.

Kosa lake lilianzia palepale kwenye mizani, na ni kosa ambalo angelifanya mkulima wa huko tu. Mbegu ya ushirika ilitoka ng'ambo, nayo haikulewesha. Wazee waliidharau, wakaiita majani ya punda. Uvute gunia zima, utaambulia kikohozi. Mbegu ya kweli kwao ilikuwa beldia, ile ya mababu, inayomlaza mwanamume mzima. Basi Haddu akauliza, kama majani ya punda yanatibu watoto, beldia itafanya nini? Hakuna hata mmoja aliyeona kasoro katika swali hilo.

Nyuma ya zizi la mbuzi alikuwa na kishamba cha beldia, kinyume cha kibali chake. Akachuma maua yaliyonata, akayachemsha polepole ndani ya mafuta ya zeituni. Mkewe, Mimunt, alisimama mlangoni.

"Una hakika?"

"Mwanamke, mimi nimezaliwa ndani ya mmea huu."

"Na vidonge?"

"Vya nini tena? Vinaitilia dawa maji." Akavitupa jalalani.

Siku za mwanzo Luiza alilala. Akiamka aliutazama ukuta na kucheka peke yake. Hakuanguka. Majirani wakaja na vichupa, huyu ana mgongo, yule ana mjukuu, na Haddu akawamiminia kwa mkono mpana. "Mwambieni Haji Qaddur aje," alisema, "nitampa hata yeye."

Siku ya soko Luiza akaanguka, na kifafa hakikumwachia. Kilimrusha, kikamlegeza, na kabla hajafumbua macho kikamrusha tena, njia nzima mpaka Fes.

"Amepewa nini?" Bi Sanhaji aliuliza. "Vidonge anakunywa?"

Haddu akafikiria kishamba nyuma ya zizi, akafikiria kibali chake. "Kama kawaida," akasema.

Daktari akachoma sindano kwa kubahatisha, akachoma nyingine. Mimunt alimtazama mumewe, akimpa nafasi. Haddu akatazama dirisha.

"Amempa beldia," Mimunt akasema. "Ameipika kwenye mafuta. Vidonge amevitupa."

Bi Sanhaji hakupandisha sauti. "Ile sehemu inayolewesha ndiyo wanayoiondoa kiwandani, Bwana Haddu. Wewe umempa hiyohiyo, kisha ukamnyang'anya kilichokuwa kinamshikilia."

"Lakini yale yenu ni majani ya punda," Haddu alisema. Aliyasema hayo mtoto akiwa bado anarushwa kitandani.

Luiza hakufa. Aliamka mkono wa kushoto umelala, na maneno yote, hata jina la mama yake, yamekwenda. Haddu alinyang'anywa kibali. Waliokuja na vichupa sasa walimwita Daktari: "Daktari, punda wangu anaharisha, nimpe nini?"

Majira ya kuchipua idhini ikatoka. Mafuta halali yakaja kutoka duka la dawa la Fes, na kifafa kikapungua kweli, kikawa cha kuja mara mojamoja. Mimunt alikifunga kichupa ndani ya mshipi wake, hata kuoga alioga nacho karibu. Jioni moja Haddu akamsogelea.

"Nipe leo nimnyweshe mimi. Ni mwanangu pia."

"Muulize mwenyewe."

Haddu akachuchumaa. "Luiza, baba akunyweshe?"

Mtoto akamtazama, mate yakimtiririka upande mmoja. Mimunt akamwacha mumewe asubiri jibu, muda mrefu, kisha akampangusa mtoto kidevu na kumpa dawa.